NANI ALIYEICHOMA MOTA?

Hotuba ya fundi wa stima mbele ya wanachama wa Migori na Homa Bay



Katibu aliponiandikia barua alitaka nizungumze juu ya vyombo vilivyobuniwa ili kuangalia mota za stima na kuzitawala. Nilimjibu kwamba jambo hilo ni refu, na watu waliotoka kazini huweza kusinzia. Akaniambia, "Basi waeleze lile shauri la mashine ya posho." Kwa hiyo nitaanza na shauri hilo, na vyombo nitavieleza humo humo, maana bila ya kuvijua vyombo hivyo shauri lile tusingalilishinda.

Kijana mmoja, mwanachama wetu, alikuwa akiendesha mashine ya posho katika soko moja karibu na ziwa. Soko sitalitaja, wala tajiri wake, kwa kuwa walikwisha patana. Siku moja ya mvua, saa kumi za jioni, mota ilianza kunguruma kwa sauti nzito, halafu ikatoa moshi. Kijana alikimbilia swichi akazima, lakini alikuwa amechelewa. Mota ilikuwa imekwisha ungua.

Tajiri alikuja kesho yake. Hakuuliza mengi. Alisema, "Wewe ndiye uliyekuwa na mashine, wewe ndiye uliyeichoma." Mafundi wa kusuka mota walitaka shilingi elfu kumi na nane. Tajiri akaamua kuzikata katika mshahara wa kijana, elfu tatu kila mwezi kwa miezi sita. Kijana ana mke na watoto wawili. Alikuja ofisini kwetu na karatasi mkononi, akasema neno moja ambalo sijalisahau: "Mimi sijui kama niliichoma ama sikuichoma."

Ndugu zangu, hapo ndipo penye taabu yetu. Mtu anayejua kwamba hakukosa, hujitetea. Mtu asiyejua, hunyamaza na kulipa.

Mota ni kitu gani

Mota nyingi zinazofanya kazi katika kaunti zetu ni za namna moja. Zinatumia nyaya tatu za stima, tunazoziita fezi tatu. Ndani yake zina koili zilizosukwa kuzunguka tumbo la chuma, na katikati kuna chuma cha duara kinachozunguka. Stima ikipita katika koili zile kwa zamu, huleta nguvu ya sumaku inayozunguka, nayo hukivuta chuma kile kiifuate. Hakuna waya uliofungwa katika chuma kinachozunguka. Ndiyo maana mota hizi ni imara na hazina mambo mengi.

Nikola Tesla alipewa hati za kumiliki uvumbuzi wa mota hiyo huko Marekani mwaka 1888. Mwaka huo huo Galileo Ferraris wa Italia alieleza sumaku inayozunguka mbele ya wataalamu wa Turin. Mwaka uliofuata Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, Mrusi aliyefanya kazi Ujerumani, alitengeneza mota ya fezi tatu yenye umbo tunalolijua leo. Kwa hiyo mota unayoiona sokoni ni mjukuu wa vitu vya miaka zaidi ya mia na thelathini.

Katika sehemu zetu pia si kitu kigeni. Wazee waliopo hapa wanakumbuka mgodi wa shaba wa Macalder, uliofungwa mwaka 1966. Katika miaka ya 1950 mgodi ule ulijengewa kituo cha stima pale maporomoko ya Gogo, katika mto Kuja, ambao wengine huuita Gucha. Nguvu ya kituo kile ilikuwa megawati 2. Kiwanda cha sukari cha Awendo kilianza kusaga miwa mwaka 1979, na kiwanda cha sukari ni nyumba ya mota: mota za kupandisha miwa, za kusukuma maji, za kuzungusha mashine za kuchuja sukari. Leo stima imefika vijijini, na mota zimeifuata. Ziko katika mashine za posho, katika pampu za maji, katika karakana za kuchomelea, na huko Nyatike katika mashine za kusaga mawe ya dhahabu.

Sasa sikilizeni jambo moja, maana hilo ndilo msingi wa maneno yangu yote. Mota haijui kukataa kazi. Punda akizidishiwa mzigo husimama. Mota ukiizidishia mzigo, inavuta stima zaidi ili iendelee. Stima ikizidi, koili zinapata moto. Tena moto hauongezeki sawasawa na stima, bali unaongezeka upesi zaidi. Mota ya nguvu za farasi ishirini imeandikwa katika kibati chake kiasi cha ampea 28. Ikivuta ampea 40 utadhani imezidi kidogo tu, lakini moto ndani ya koili umezidi mara mbili.

Koili zimepakwa vanishi ili nyaya zisigusane. Mtaalamu mmoja wa Marekani, V. M. Montsinger, alionyesha mwaka 1930 kanuni ambayo mafundi wanaitumia hata leo: kila joto linapopanda kwa digrii kama kumi za sentigredi juu ya kiasi kilichowekwa, maisha ya kinga ya koili yanapungua nusu. Basi mota inaweza kuunguzwa polepole kwa miezi, halafu ikafa mikononi mwa mtu ambaye siku ile hakufanya kosa lo lote.

Tena stima ikiwa dhaifu, mota ya kusaga yenye mzigo ule ule inavuta ampea nyingi zaidi ili ipate nguvu ile ile. Ninyi mnaokaa mwisho wa laini mnajua jinsi taa zinavyofifia jioni, watu wote wanapowasha. Saa hiyo taa inafifia, lakini mota inaungua.

Chombo kinachohisi

Kwa sababu mota haijui kukataa, watu walibuni chombo cha kukataa kwa niaba yake. Mafundi wanakiita ovalodi. Fungua sanduku la stata, utaona kontakta, yaani swichi kubwa inayovutwa na sumaku, na chini yake kuna kisanduku kidogo chenye kijiskrubu cha kuzungusha na namba za ampea. Hicho ndicho ovalodi.

Ndani yake mna vipande vya bati vya namna mbili za madini vilivyoshikamanishwa. Madini moja linatanuka sana likipata moto, na jingine linatanuka kidogo. Kwa hiyo kipande kikipata moto kinapinda. Stima inayokwenda katika mota inapita hapo kwanza. Ikizidi kwa muda, kipande kinapinda mpaka kinasukuma kikwaru, kontakta inaachia, mota inasimama.

Kwa nini hakikati mara moja? Kwa sababu mota inapoanza kuzunguka huvuta stima mara tano hata mara nane ya kawaida kwa sekunde chache. Chombo kingekuwa na haraka, mota isingeanza kamwe. Basi kimepewa uvumilivu. Kikiona stima imezidi kidogo, kinangoja. Ikizidi sana, kinakata upesi. Msimamizi mwema ndivyo alivyo.

Lakini msimamizi huyo anafuata namba aliyopewa kwa kile kijiskrubu. Ukimwambia namba ya uwongo, atalinda uwongo. Kumbukeni neno hilo, maana sasa narudi katika shauri letu.

Tulivyoichunguza mota

Katibu alimwomba tajiri turuhusiwe kuiona mota kabla haijasukwa upya. Nashukuru alikubali. Nami nawaombeni mfanye hivyo kila mara, kwa sababu mota iliyoungua ni kama barua. Ikisha sukwa upya, barua imechanwa.

Tulifungua kifuniko. Koili za mota yenye fezi tatu zimegawanyika mafungu matatu. Kama mota imeuawa kwa kuzidishiwa mzigo, au kwa stima dhaifu, au kwa kukwama, mafungu yote matatu yanakuwa meusi sawasawa. Lakini kama fezi moja imepotea, na mota ikaendelea kuzunguka kwa zile mbili zilizobaki, moto hauwi sawa. Mota iliyofungwa kwa namna ya delta inaungua fungu moja, na mawili yanabaki yakiwa na rangi yake. Iliyofungwa kwa namna ya nyota inaungua mafungu mawili, na moja linabaki zima.

Mota ya kijana wetu ilikuwa ya delta. Fungu moja lilikuwa jeusi kama mkaa. Mawili yalikuwa masafi.

Nikamwuliza tajiri, "Mahindi mengi yanaweza kuchoma fungu moja na kuacha mawili?" Alinyamaza. Kisha tulikwenda madukani. Mwenye duka la dawa alisema kwamba jioni ile taa zake zilikuwa hazina nguvu. Mwenye hoteli ng'ambo ya barabara alisema taa zake ziliwaka vizuri. Soko moja, stima moja, lakini upande mmoja una mwanga na upande mwingine hauna. Maana yake ni kwamba fezi moja ilikuwa imekatika huko nje, wakati wa mvua. Kijana alikuwa ndani, mashine inapiga kelele, vumbi la unga limejaa. Angalijuaje?

Lakini tajiri naye alikuwa na swali zuri. Alisema, "Stata yangu ina ovalodi. Mbona haikukata?" Nasi tulifungua sanduku.

Stata ile ilikuwa ya nyota na delta. Ni uvumbuzi wa zamani na wa maana sana. Inaianzisha mota katika nyota, ili ivute theluthi moja tu ya stima ambayo ingaliivuta ikianza katika delta moja kwa moja, halafu ikipata mwendo inaigeuza iwe delta. Nguvu ya kuanzia nayo inakuwa theluthi moja, ndiyo sababu mashine ya posho ya namna hiyo huanzishwa ikiwa tupu. Lakini katika stata hii ovalodi imefungwa mahali ambapo haioni stima yote ya mota. Inaona stima ya fungu moja moja tu, yaani kama asilimia 58. Kwa mota ya ampea 28, ovalodi hiyo inatakiwa iwekwe kwenye 16. Tulikuta imewekwa kwenye 28.

Fikirini wenyewe. Fezi moja ilipokatika, fungu lile moja likabebeshwa karibu ampea 32 badala ya 16. Ni mara mbili, na moto ni mara nne. Lakini ovalodi iliyoambiwa ilinde 28 iliona 32 ni ziada kidogo tu. Ikavumilia. Ingaliwekwa kwenye 16, ingalikata baada ya dakika chache, na kijana angalienda kunywa chai akimngoja fundi.

Nani basi aliyeichoma mota? Si kijana. Hata tajiri hakuichoma kwa kupenda, maana yeye alimlipa mtu amfungie stata akaamini kazi imefanywa. Aliyeichoma ni kijiskrubu kilichowekwa kwenye namba ya uwongo, na desturi ya kutoangalia. Tajiri aliyasikia hayo, akafikiri, akaichana ile karatasi ya kukata mshahara. Kisha akaninong'oneza nimrekebishie stata, nami nikafanya hivyo.

Kosa letu sisi

Ndugu wanachama, ingekuwa si haki nikisema makosa ya matajiri tu. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana nilifanya kazi mahali ambapo pampu moja ilikuwa ikikata kila saa. Msimamizi akaniambia, "Zima hicho kinachosumbua." Nikachukua kipande cha waya nikaipitisha stima kando ya ovalodi. Watu wakanisifu kwamba mimi fundi hodari. Siku ya nne pampu iliungua. Tulipoifungua tulikuta beringi imekwama. Kile chombo kilikuwa kikituambia kwa siku nyingi, "Beringi, beringi, beringi," nasi tukakiziba mdomo.

Wengine wenu mmeona kontakta iliyoshindiliwa kijiti ili isiachie. Wengine mnabonyeza kitufe cha kurudisha mara tatu, mara nne, bila ya kuuliza sababu. Acheni desturi hiyo. Chombo kikikata, hakikuonei. Kinaleta habari. Ukikifunga waya, siku mota itakapoungua hutakuwa na la kusema, na chama hakitakuwa na la kukutetea.

Chombo kinacholinda mkono wako

Mpaka sasa nimesema juu ya mota. Lakini mota husukwa upya, mkono hausukwi.

Iko desturi mbaya ya mashine ndogo kuwashwa kwa swichi ya kawaida ya ukutani. Stima ikipotea, mashine inasimama, lakini swichi imebaki imewashwa. Mtu anaona kimya, anasahau, anaingiza mkono kutoa mahindi yaliyoziba au jiwe lililokwama. Stima inarudi ghafula. Ninyi mnajua yanayofuata, na wako watu katika kaunti zetu wanaosalimia kwa mkono wa kushoto kwa sababu hiyo.

Stata ya kontakta inalizuia jambo hilo. Stima ikipotea, sumaku yake inaachia, na stima ikirudi haishiki tena mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani. Ni uvumbuzi mdogo, hauna maajabu, lakini umeokoa vidole vingi. Angalieni pia kitu kimoja: ovalodi nyingi zina mahali pa kuchagua kama zijirudishe zenyewe au zirudishwe kwa mkono. Penye mashine ambayo mtu huigusa, ziwekwe za kurudishwa kwa mkono. Na kitufe chekundu cha kusimamisha kiwe mahali ambapo mwendeshaji anaweza kukifikia hata kama mkono wake mmoja umenaswa. Kitufe kilichowekwa nyuma ya magunia ni pambo tu.

Vyombo vya siku hizi

Sasa niseme kidogo juu ya vyombo vipya. Mwaka 1879 mwanafunzi mmoja wa Baltimore huko Marekani, Edwin Hall, alipitisha stima katika karatasi nyembamba ya dhahabu, akaileta sumaku karibu, akaona stima inasukumwa upande mmoja. Watu wa Nyatike mtafurahi kusikia kwamba dhahabu ina kazi nyingine zaidi ya kuuzwa. Wakati ule jambo hilo halikuwa na faida kubwa. Leo vipande vidogo vinavyofanya kazi kwa njia hiyo, ingawa si vya dhahabu tena, vinapima stima bila ya kugusa waya, na vinaiambia mota ya pikipiki ya stima mahali ilipofika katika mzunguko wake.

Mwaka 1977 Frank Nola, mhandisi wa shirika la Marekani la kwenda anga za juu, alipewa hati ya chombo kinachotambua kama mota ina kazi ama haina. Aliona kwamba mota ikizunguka bila ya mzigo, ampea zinachelewa sana nyuma ya volti. Chombo chake kinapima kuchelewa huko, na mota ikiwa haina kazi kinaipunguzia volti isile stima bure.

Tena viko vyombo vya kubadili mwendo wa mota wenyewe. Stima yetu inabadilika mara 50 kwa sekunde, na mwendo wa mota umefungwa hapo. Mwaka 1968 kampuni ya Danfoss ya Denmark ilianza kutengeneza kwa wingi vyombo vya kubadili hesabu hiyo, ili mota iende polepole au upesi kama mtu apendavyo. Kwa pampu au feni faida yake ni kubwa: ukipunguza mwendo kwa sehemu moja katika tano, nguvu inayotakiwa inapungua karibu nusu. Mwenye kulipa bili ya pampu ya maji atazame hapo.

Wako wanaoniuliza, "Vyombo hivi havitatuondoa kazini?" Jibu langu ni hili. Chombo kinaweza kumwondoa mtu aliyewekwa kuwasha na kuzima tu. Hilo ni kweli, na chama lazima kidai watu hao wafundishwe kazi nyingine kabla chombo hakijafika, si baadaye. Lakini chombo hakijui kwa nini beringi imekwama, wala hakiwezi kuifungua. Kila chombo kinachohisi kinahitaji mtu anayeelewa kinachosemwa. Mtu huyo na awe ninyi, asiwe mgeni wa kuitwa kutoka mbali.

Tena vipo vyombo vipya vinavyoandika. Ovalodi za kielektroniki nyingi zinatunza sababu ya kukata mara ya mwisho: mzigo umezidi, fezi imepotea, stima inavuja ardhini. Chombo cha namna hiyo ni shahidi asiyeogopa mtu. Lakini shahidi anasaidia yule anayejua kumwuliza. Tajiri akisoma peke yake, atasoma atakalo.

Sheria inasemaje

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini uharibifu huo lazima uwe umetokana na kosa la makusudi la mfanya kazi. Sikilizeni neno hilo: la makusudi. Kuwapo karibu na mota ilipoungua si kosa la makusudi. Tena makato yote kwa jumla hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke mashine zilizo salama na awafundishe wanaozitumia. Inamtaka mfanya kazi naye asiharibu vyombo vya usalama, na aripoti hatari kubwa anapoiona. Akisha ripoti, mwajiri hawezi kumlazimisha arudi palipo na hatari hiyo kabla haijaondolewa. Mahali penye wafanya kazi ishirini au zaidi, panatakiwa kuwa na kamati ya usalama. Ulizeni kazini kwenu kama kamati ipo, na kama ipo, ilikutana lini.

Tunayoyataka

Ndugu Mwenyekiti, namaliza kwa kutaja mambo matano, ambayo naomba matawi yetu yayapeleke katika mazungumzo na matajiri.

Kwanza, kila mota iwe na stata yenye ovalodi inayofanya kazi, iliyowekwa kwa kufuata kibati cha mota na namna stata ilivyofungwa. Namba hiyo iandikwe kwa rangi juu ya sanduku, kila mtu aione.

Pili, penye mota ya fezi tatu pawekwe chombo cha kukata fezi moja ikipotea.

Tatu, pawe na daftari. Mashine ikikata, iandikwe siku, saa, na sababu iliyoonekana. Daftari la shilingi chache limewahi kushinda maneno ya watu wakubwa.

Nne, mota ikiungua isisukwe kabla haijatazamwa na fundi mbele ya mwakilishi wa wafanya kazi. Wala pasikatwe senti ya mtu kabla ya hapo.

Tano, waendeshaji wafundishwe kusoma kibati cha mota na kujua maana ya kila kitufe. Mimi niko tayari kufundisha siku za Jumapili baada ya ibada, Homa Bay juma moja na Migori juma la pili. Leteni daftari na kalamu.

Nasi kwa upande wetu tuahidi jambo moja tu: hatutafunga waya kando ya ovalodi, hata tajiri akituamuru. Akiamuru, mwambieni aandike amri hiyo na kutia sahihi. Mtaona atakavyosita.

Yule kijana bado anaendesha mashine ile ile. Nilipita sokoni mwezi uliopita nikamkuta akizungumza na mwenzake mgeni kazini. Alikuwa amefungua sanduku la stata, kwa stima iliyozimwa, anamwonyesha kijiskrubu. Nikamsikia akisema, "Hiki ni 16. Mtu akikwambia 28, mwulize kwa nini." Sikuingia. Niliona kazi yangu hapo imekwisha.

Ndugu zangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ulizeni, andikeni, tena shikamaneni.